Jeraha Lisilo na Damu Nalo Lina Tarehe

Somo: 1 Wafalme 19:1–8 na Hesabu 27:1–11

Ndugu zangu na dada zangu wa Laini Saba, Gatwekera, Makina na Silanga pale Kibera! Nanyi wa Gatina, wa Congo, wa 46 na 56 kule Kawangware! Ninyi mnaoshika njia ya reli kabla jua halijachomoza mkaenda Industrial Area kwa miguu, na ninyi mnaokata vichochoro kwenda Lavington na Kileleshwa kutafuta mjengo! Sikieni! Jirani zetu wa msikitini nao wasikie, maana neno la leo haliulizi mtu anasali wapi. Sikuja na maneno matamu. Nimekuja na kalenda.

Kuna mtu kati yetu ameumia kazini na hana kidonda. Mnamjua. Ni soja wa usiku aliyelazwa kifudifudi getini, bunduki kisogoni, akasikiliza mwenzake akipigwa hadi akanyamaza. Asubuhi supavaiza alimuuliza maswali mawili: wameiba nini, na mbona hukubonyeza king'ora? Usiku wa pili alirudishwa geti lilelile. Leo pikipiki ikizima injini nje ya nyumba yake, anaruka kutoka kitandani na kusimama nyuma ya mlango, jasho likimtiririka, watoto wakimtazama.

Ni fundi wa mjengo aliyekuwa ameshika kamba wakati mwenzake alipoponyoka ghorofa ya sita. Kamba ilibaki mkononi. Hapandi tena hata ngazi ya kubadilisha balbu. Ni dada wa nyumba aliyevamiwa na mtu wa nyumba ileile anakofua na kupika, akaambiwa akisema atarudishwa kijijini na jina la mwizi. Ni kijana aliyekaa mbele ya kompyuta zamu nzima akitazama watu wakichinjwa, ili wewe na mimi tusiwaone kwenye simu zetu.

Nasi tunawaambia nini? Jikaze! Mwanaume ni kujikaza! Wengine tunanong'ona kwamba amerogwa, wengine kwamba ni bangi, wengine kwamba ana pepo. Na ninyi watumishi wenzangu mnaowafungia watu kwa mfungo wa siku tatu, ombeni, tena ombeni sana. Lakini kabla hamjamwekea mtu mikono kichwani, mwulizeni: ilikuwa tarehe ngapi, na ulikuwa zamu ya nani?

Someni habari za Eliya. Huyu hakuwa mtu mnyonge. Alikuwa ametoka Mlima Karmeli, ameomba na moto ukashuka, amekimbia mbele ya gari la mfalme hadi Yezreeli. Kisha unamfikia ujumbe mmoja tu kutoka kwa Yezebeli, na shujaa anavunjika. Anamwacha mtumishi wake Beer-sheba, anaingia jangwani peke yake, anaketi chini ya mti na kuomba afe. Niambieni: malaika alipofika, alimkemea? Alimwambia wenzako wameona makubwa kuliko hayo? Alimgusa, akampa chakula na maji, akamwacha alale. Halafu akarudi akamgusa mara ya pili. Mbingu zilimhudumia nabii kama mtu aliyeumia kazini, na sisi wa vibanda vya mabati tunajifanya wakali kuliko mbingu!

Basi tusikie sheria, maana mahubiri yasiyofika ofisini hayamlipii mtu kodi ya nyumba.

Mwaka 2007 Bunge lilitunga Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, ambayo makarani na mawakili huiita WIBA. Inamtaka mwajiri akate bima ya wafanyakazi wake. Inamtaka agharamie matibabu ya aliyeumia. Inatoa malipo kwa anayelazimika kukaa nyumbani akiuguza, na fidia kwa anayebaki na ulemavu. Inazungumzia ajali iliyotokana na kazi na kumletea mfanyakazi madhara. Haikuandika popote kwamba lazima damu imwagike.

Lakini ina saa, na saa hiyo haina huruma. Kifungu cha 26 kinataka dai liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali, na kwa aliyefariki, miezi 12 tangu siku ya kifo. Kifungu cha 27 kinaongeza kwamba haki inakufa kama ajali haikuripotiwa kwa mwajiri ndani ya miezi 12 hiyohiyo. Sikieni vizuri, enyi mlioumia! Tangu siku ya ajali! Si tangu usiku ulipoanza kuota ndoto mbaya. Si tangu siku daktari alipoupa ugonjwa wako jina. Si tangu siku mkeo alipochoka akakusukuma kwenda kliniki.

Hapa ndipo mtego ulipo kwa walioumia akili. Aliyekatwa kidole na mashine ya Industrial Area anajua ameumia kabla kidole hakijafika chini. Akili haiendi hivyo. Mtu hutoka kwenye tukio akicheka, akinunua chapati, akisimulia kila kitu kama sinema. Madaktari wa akili wanajua kundi la wagonjwa wa kiwewe ambao dalili zao hukamilika baada ya miezi 6 au zaidi. Miezi 6! Nusu ya mwaka wa sheria imeshaliwa kabla mgonjwa hajajua kwamba ni mgonjwa. Robo nyingine inaliwa na aibu. Iliyobaki inaliwa na hofu ya kufutwa, na landilodi anayegonga mlango tarehe tano. Siku anayopata nguvu ya kusema, mwaka umegeuka.

Ni ukali? Ni ukali. Ningepewa kalamu ya kutunga sheria, saa ya jeraha la akili ingeanza siku mtu alipolijua jeraha lake. Ila sikuchaguliwa kwenda Bungeni, na wewe unaishi chini ya sheria iliyopo, si ile tunayoitamani. Tena ndani ya ukali huo kuna upenyo, na upenyo huo ndio ulionipandisha mimbarani leo.

Kifungu kilekile cha 26 kinasema dai lililochelewa halitaangaliwa, isipokuwa pale ajali yenyewe ilipokuwa imeripotiwa kama sheria inavyotaka. Na taarifa hiyo kwa mwajiri inaweza kuwa ya maandishi au hata ya mdomo. Na cha 27 kinasema kama mwajiri aliijua ajali kwa njia nyingine, kutoripoti kwako hakukufungii mlango. Mmeona? Sheria haikudai uwe umeshajua ugonjwa wako. Imedai useme kilichotokea.

Kwa hiyo nalia kwa sauti yangu yote: ripoti tukio! Usingoje kuugua ndipo uripoti. Ripoti ukiwa mzima. Ripoti ukiwa unacheka. Umeona mwenzako akianguka? Ripoti. Umewekewa bunduki kichwani na hawakukugusa? Ripoti. Boila imelipuka chumba cha pili na wewe umetoka na vumbi tu? Ripoti, na useme: nilikuwepo, niliona, haya ndiyo yaliyonipata. Akili yako ikitulia, hujapoteza kitu. Isipotulia, umeshapanda mbegu ambayo dai lako litaota juu yake.

Enyi masoja, ninyi mna kitabu cha matukio, OB, getini! Mnaandika gari jeupe limeingia saa mbili na dakika kumi. Mnaandika taa ya ukutani imeungua. Mnaandika mbwa wa jirani amepita. Kwa nini hamjiandiki ninyi wenyewe? Andika: usiku wa tarehe fulani, saa fulani, watu wenye silaha walinilaza chini, walimpiga mwenzangu mbele yangu, tangu hapo natetemeka na sijalala. Weka sahihi. Kisha toa simu upige picha ukurasa huo, kwa maana kitabu ni cha kampuni na kampuni ndiyo inayokaa na kabati.

Na wewe usiye na kitabu, una simu. Mtumie supavaiza ujumbe, utaje tarehe, mahali na tukio. Akijibu "pole," basi amekiri kwamba amejua. Hifadhi picha ya skrini. Ukiandika barua, iwe nakala mbili, moja ipigwe muhuri au itiwe sahihi ya kupokelewa, ubaki nayo. Mwajiri akishapata habari, ana siku 7 za kumfikishia taarifa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Asipofanya hivyo, kosa ni lake. Nawe usikae ukimngoja. Peleka mwenyewe habari kwa Mkurugenzi.

Najua kibarua wa mjengo atasema: mimi sina barua ya ajira, foremani alinichukua pale kona asubuhi. Fungua M-Pesa, ndugu! Kila Jumamosi jioni foremani alikutumia pesa, na jina lake liko hapo na tarehe iko hapo. Pesa hizo zina ushahidi kuliko karatasi nyingi zenye muhuri.

Kisha nenda hospitali, na ukifika, sema yote. Daktari huandika anachoambiwa. Ukisema hupati usingizi, ataandika usingizi, akupe vidonge, na kadi yako haitakuwa na neno hata moja juu ya kazi. Sema: tangu usiku ule wa tarehe fulani, nikiwa kazini, lilipotokea hili, silali. Wanaoogopa kuonekana Mathari, kwenye hospitali ya maradhi ya akili, acheni woga. Hospitali ile imekuwepo tangu 1910, na anayeingia getini pake anatafuta dawa kama anayeingia Hospitali ya Kenyatta na mguu uliovunjika. Mwaka 2020 jopo kazi la taifa lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya nchi. Kama wakubwa wameona dharura, wewe unaona haya ya nini?

Sitawadanganya kwamba njia ni nyepesi. Jedwali la WIBA limejaa vidole gumba, macho, masikio na miguu, kila kiungo na asilimia yake. Mtu anayeamka akipiga mayowe hana mstari wake uliochapishwa. Kampuni ya bima italifungua jedwali hilo na kukuuliza umepoteza kiungo gani. Mkurugenzi amepewa nafasi ya kukadiria madhara yasiyotajwa humo, lakini atakadiria kwa ripoti ya daktari, si kwa machozi. Na hesabu yenyewe si ndogo: ulemavu wa kudumu huhesabiwa kwa mshahara wa miezi 96, kisha asilimia. Anayepata shilingi 18,000 kwa mwezi, akipimwa asilimia 20, ni shilingi 345,600. Kuna watu mitaani humu wameacha pesa kama hizo zife kwa sababu waliogopa kuitwa wazimu.

Hamna mstari katika jedwali? Basi fungueni Hesabu 27! Selofehadi alifia jangwani bila mwana wa kiume. Aliacha mabinti watano: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Orodha ya urithi ilikuwa imeshaandikwa, na haikuwa na mstari wao. Wangeweza kukaa hemani wakilia. Hawakukaa. Walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, mbele ya kuhani, mbele ya wakuu na mkutano wote, wakadai. Musa mwenyewe hakuwa na jibu. Ilimbidi akaulize juu. Na jibu lilipokuja, lilikuwa kwamba wanawake wale wamesema haki, na sheria ikaandikwa kwa ajili yao na kwa wote watakaowafuata. Angalieni pia wakati! Walidai kabla nchi haijagawanywa.

Hapa Nairobi tumewaona wa mfano wao. Kwa miaka mingi kampuni ya Sama imekuwa ikichukua vijana kutoka Kibera na mitaa mingine kama yetu, ikawapa kazi za kompyuta. Baadaye zikaja zamu za kukagua picha na video za Facebook: mauaji, ubakaji, mateso ya watoto. Mei 2022 Daniel Motaung, aliyetoka Afrika Kusini kuja kufanya kazi hiyo hapa, aliwashtaki Sama na Meta, wenye Facebook, katika mahakama ya wafanyakazi, akidai kwamba kazi ile ilimjeruhi akili. Meta wakasema Kenya haina mamlaka juu yao. Tarehe 20 Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikakubali kwamba wanaweza kushtakiwa papa hapa. Na Desemba mwaka huo, katika kesi ya wenzake Motaung, karatasi zilifika mahakamani zikionyesha kwamba Daktari Ian Kanyanya wa Hospitali ya Kenyatta aliwapima wakaguzi 144 akawakuta na maradhi yanayofuata kiwewe. Kampuni zina majibu yao, na hukumu ni ya majaji. Ila tazameni walivyokwenda: wengi, kwa pamoja, na karatasi ya daktari mkononi. Mei mosi 2023 zaidi ya 150 walikutana jijini humu wakaazimia kuunda chama chao. Hawakwenda mmoja mmoja usiku kama watu wanaodaiwa.

Wala wao si wa kwanza duniani. Mwaka 2020 Facebook ilikubali kulipa dola milioni 52 kwa wakaguzi wake wa Marekani walioumia akili. Na tangu 2010 Shirika la Kazi Duniani limeyaweka maradhi ya kiwewe katika orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi. Jeraha la akili si hadithi ya watu wavivu wa Kawangware.

Sasa nawaonya juu ya milango ya uongo, kwa maana mwaka wako unaweza kuishia kwenye mlango usio wako.

Kuna atakayekukimbiza kwa hakimu moja kwa moja. Mwulize anaishi mwaka gani! Ni kweli mwaka 2009 Mahakama Kuu ilivipiga chini vifungu kadhaa vya WIBA, na kwa miaka kumi watu walizoea kukimbilia kortini. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikavirudisha karibu vyote, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikamaliza ubishi. Mlango wa kwanza wa dai la WIBA ni Mkurugenzi. Usiporidhika na uamuzi wake una siku 60 za kupinga kwake mwenyewe. Yeye ana siku 14 za kujibu. Ukiwa bado hujaridhika una siku 30 za kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Ukianzia kwa hakimu utafukuzwa kwa kukosea mlango, na kalenda itakuwa imetembea bila wewe.

Kuna broka anayezunguka wodini na makaburini akiwa na fomu kwapani, anataka sahihi yako kabla hujajua jina lake. Mwepuke. Na kuna yule wa ofisini anayekuja na shilingi 10,000 za pole na karatasi ya Kiingereza ya kutia sahihi. Pole ipokee kama una njaa, karatasi usiitie kalamu kabla mtu unayemwamini hajaisoma hadi mstari wa mwisho. Mara nyingi mstari huo unasema umelipwa yote na hutadai tena.

Ninyi kina mama mnaouza sukuma wiki soko la Toi na vijana wa boda msio na mwajiri, sheria hii imewapita kando, na hilo ni deni la Bunge ambalo nitalihubiri Jumapili nyingine. Lakini mnaishi na walioajiriwa. Ninyi ndio mnaosikia mayowe usiku kupitia ukuta wa mabati. Mwulizeni jirani tarehe yake.

Na wewe mwajiri, hata kama umeajiri dada mmoja tu wa kukupikia, nawe neno hili linakuhusu. Mtu wako akikwambia halali tangu siku ile, hajakutukana. Amekupa taarifa, na siku 7 zako zimeanza.

Sasa nizungumze na mmoja tu, maana najua yupo. Wewe uliye katika mwezi wa kumi na moja. Ulikuwa zamu usiku ule, hukumwambia mtu, na umesikiliza mahubiri haya ukiwa umesimama. Hukuandika OB, hukuandika barua, supavaiza amehamishwa, na unasema moyoni mwako kwamba umechelewa. Hujachelewa! Umebakiwa na wiki chache, na wiki chache ni nyingi kwa mtu aliyeamka. Je, polisi walikuja usiku ule? Basi kuna namba ya OB kituoni, na mwajiri wako alijua. Je, mwenzako alizikwa na kampuni ikatuma gari? Alijua. Je, uliomba ruhusa ya siku mbili kwa ujumbe wa simu na ukaeleza sababu? Alijua. Tafuta ujumbe huo usiku huu kabla simu haijaharibika. Andika barua kwa mkono wako, kwa Kiswahili ukitaka: jina lako, kazi yako, tarehe, saa, mahali, kilichotokea, na yaliyokupata tangu hapo. Kesho asubuhi kwanza pitia kwa mwajiri, akipokea asipokee, uandike aliyekujibu na saa aliyokujibu. Halafu panda matatu ya 46 hadi tauni, au shika reli kama kawaida yako, uende Barabara ya Commercial, Industrial Area, kwenye ofisi za Idara ya Usalama na Afya Kazini. Ufike kabla ya foleni. Beba kitambulisho, kadi ya hospitali, picha za skrini na nakala mbili za barua. Karani akikwambia urudi kesho, mwombe kwa heshima apige muhuri wa leo kwenye nakala yako kwanza.